Je, Oili ya Sintetiki Yastahili Bei Yake?



Kila msimu wa ununuzi unapokaribia, wauzaji wa vilainishi huanza kuzitembelea ofisi za vyama vya msingi wakiwa na makopo yanayong'aa na maneno matamu. Neno lao kubwa siku hizi ni kwamba ipo oili ya sintetiki yenye kudumu muda mrefu. Chama kikiinunua kwa bei ya mara mbili au mara tatu ya oili ya kawaida, gari litakwenda kilometa 15,000 au zaidi kabla ya oili kumwagwa, na hivyo fedha za wanachama zitaokolewa. Kamati nyingine hukubali papo hapo, nyingine hukataa bila hata kusikiliza. Makala haya yanakusudia kueleza jambo lenyewe lilivyo, ili Kamati ikikaa iamue kwa hesabu.

Wala jambo hili si dogo. Fedha za matengenezo ya gari hutoka katika ushuru ule ule unaokatwa kwa kila kilo ya mazao ya mwanachama. Tena lori la chama likiharibika katikati ya msimu, mazao hulala ghalani, na mkulima hungojea malipo yake ilhali ada za shule hazimngojei yeye.

Oili ya sintetiki ni nini?

Oili yoyote ya injini ina sehemu mbili. Ya kwanza ni mafuta ya msingi, ambayo ndiyo sehemu kubwa. Ya pili ni dawa zinazochanganywa humo kiwandani: ziko za kuosha masizi na kuyafanya yaelee yasigande, za kuua asidi, za kuzuia chuma kusagana na chuma, za kuzuia povu, na za kuifanya oili isiwe nyepesi mno injini inapopata moto. Oili ya kawaida na ya sintetiki zote zina dawa hizo. Tofauti iko katika yale mafuta ya msingi.

Taasisi ya Petroli ya Marekani, ijulikanayo kwa herufi API, huyagawa mafuta ya msingi katika makundi 5. Makundi matatu ya kwanza hutokana na mafuta ghafi yaliyochimbwa ardhini na kusafishwa, kundi la 3 likiwa limesafishwa na kubadilishwa kikemia kupita yote. Kundi la 4 ni mafuta yaliyoundwa kiwandani kwa kuunganisha chembe ndogo za kikemia hadi zikawa chembe kubwa za umbo moja. Kundi la 5 ni mengineyo yasiyoingia katika yale manne, kama vile esta.

Zamani neno sintetiki lilimaanisha makundi mawili ya mwisho. Mnamo mwaka 1999 chombo cha kusuluhisha mashauri ya matangazo ya biashara huko Marekani kilisikiliza mgogoro kati ya kampuni mbili kubwa za mafuta, Mobil na Castrol, na kikaamua kwamba oili iliyotengenezwa kwa mafuta ya kundi la 3 nayo yaweza kuuzwa kwa jina la sintetiki. Tangu hapo sehemu kubwa ya oili zinazoitwa sintetiki madukani zimekuwa za kundi hilo. Si kwamba ni mbaya. Nyingi ni nzuri sana. Lakini Katibu na afahamu kwamba neno hilo juu ya kopo halimwambii peke yake kilichomo ndani, na hivyo haliwezi kuwa ndiyo sababu ya kulipa mara tatu.

Sifa zake za kweli

Oili ya sintetiki huizidi ya kawaida kwa mambo makubwa mawili.

Kwanza, haigandi upesi katika baridi. Katika alama kama 15W-40 au 5W-30, herufi W yahusu majira ya baridi, na tarakimu inayoitangulia yaonyesha jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Kwa kipimo cha Chama cha Wahandisi wa Magari cha Marekani, yaani SAE, oili ya 15W hupimwa katika nyuzi 20 za sentigredi chini ya sifuri, na ya 5W katika nyuzi 30 chini ya sifuri. Kwetu sisi, hata Makete na Njombe ambako sakitu huonekana alfajiri, hatufiki huko wala hatukaribii. Kwa hiyo sehemu moja ya bei ile kubwa ni malipo ya kujikinga na baridi ambayo gari la chama halitakutana nayo kamwe.

Pili, hustahimili joto, na hili ndilo lenye maana kwetu. Oili ikipata moto mwingi huungana na oksijeni ya hewa, ikawa nzito, ikatoa asidi na tope jeusi. Wataalamu wana kanuni ya kukisia kwamba kila joto linapoongezeka nyuzi 10, kuharibika huko huenda kwa kasi ya mara mbili. Mafuta ya msingi yaliyo safi na yenye chembe za umbo moja hustahimili hali hiyo muda mrefu zaidi, na hayapotei upesi kwa mvuke. Katika injini yenye turbo, ambayo mhimili wake waweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika huku ukipigwa na moshi wa moto mkali, sifa hii ina thamani kubwa. Oili hafifu huungua na kuwa kaa kwenye beringi za turbo, na turbo ikafa.

Muuzaji akisema hayo, asema kweli. Tatizo ni kwamba akiisha kusema hayo hurukia neno la kilometa 15,000 kana kwamba joto ndilo adui pekee wa oili.

Yanayoiharibu oili

Mwanachama aliyewahi kumwona fundi akimwaga oili ya injini ya dizeli ameona jinsi ilivyo nyeusi kama wino. Weusi huo ni masizi yanayopenya kando ya ringi za pistoni kila dizeli inapolipuka. Masizi hayaulizi kama oili ni ya kawaida au ya sintetiki. Huingia kwa kiasi kile kile. Dawa za kuyafanya yaelee zikiisha kutumika, masizi hushikamana na kuanza kukwangua. Vivyo hivyo asidi inayotokana na kuungua kwa dizeli huila akiba ya dawa ya kuiua, na akiba hiyo ikiisha imekwisha, hata mafuta ya msingi yangekuwa bado safi namna gani.

Pamoja na hayo liko vumbi, na yafaa tukae hapa kidogo, maana vumbi ndilo linalotutofautisha na nchi zinakotoka ahadi za kilometa nyingi. Vumbi la barabara zetu lina chembe za mchanga mgumu kuliko chuma cha injini. Likipita katika chujio la hewa lililotoboka, au kwenye mpira wa hewa uliolegea kibano, huingia ndani ya silinda, likashuka pamoja na oili, likawa kama msasa unaozunguka baina ya beringi na krankishafti. Hakuna oili duniani iwezayo kulifanya lisisage. Hapo dawa ni mbili tu: kulizuia lisiingie, na kulimwaga mapema likiisha kuingia. Lori linalokwenda mashambani kubeba mazao kwa barabara ya vumbi katika miezi ya kiangazi, kisha likaachiwa oili ile ile kwa kilometa 15,000, lafanya kinyume cha hayo yote.

Kuna tena gari la safari fupi. Pikapu inayotoka ofisini kwenda ghalani kilometa 3, ikazimwa, ikarudi, haipati moto wa kutosha kuyakausha maji na mafuta yaliyochuruzika ndani ya oili. Oili yake huharibika ingawa kilometa ni chache. Trekta inayolima miezi miwili na kulala miezi kumi ina shida kama hiyo, kwa kuwa unyevu na asidi huendelea na kazi yao bandani. Ndiyo maana vitabu vya watengenezaji hutaja kilometa au saa za kazi, na pia miezi, vikiagiza kwamba kinachotangulia kufika ndicho kifuatwe.

Hapa pana swali ambalo mafundi wazee hulitaja, nalo ni la salfa. Salfa iliyomo katika dizeli ndiyo mama wa asidi kali ndani ya injini. Vitabu vingi vya magari ya zamani viliagiza oili imwagwe mapema mno kwa kuwa dizeli ya siku hizo ilikuwa na salfa nyingi. Kuanzia Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia kipimo cha salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Kwa hiyo ni kweli kwamba oili ya leo, hata ile ya kawaida, hupata kazi nyepesi kidogo kwa upande wa asidi. Lakini vumbi halikupunguzwa na sheria yoyote, na masizi ya injini iliyochoka ni yale yale.

Hesabu yenyewe

Tuchukue gari la chama lenye injini ya dizeli inayopokea lita 10 za oili, linalokwenda kilometa 30,000 kwa mwaka. Bei tutakazotumia ni za mfano tu. Kila Katibu aweke bei za mjini kwake. Tuseme oili ya kawaida ni shilingi 10,000 kwa lita, ya sintetiki ni shilingi 30,000 kwa lita, chujio la oili ni shilingi 20,000, na ufundi ni shilingi 10,000.

Kumwaga oili ya kawaida mara moja kutagharimu shilingi 130,000. Ikimwagwa kila kilometa 5,000, ni mara 6 kwa mwaka, jumla shilingi 780,000. Kumwaga ya sintetiki mara moja ni shilingi 330,000. Ikidumu kilometa 15,000 kama ilivyoahidiwa, ni mara 2 kwa mwaka, jumla shilingi 660,000. Chama kimeokoa shilingi 120,000. Muuzaji ana haki ya kutabasamu.

Lakini fundi akiona oili ni nyeusi akaogopa, akaimwaga kwenye kilometa 10,000, itakuwa mara 3 kwa mwaka, yaani shilingi 990,000, na chama kimepata hasara ya shilingi 210,000. Akiimwaga kila kilometa 5,000 kwa mazoea, na mazoea ni kitu kigumu kukiacha, jumla ni shilingi 1,980,000. Kwa bei hizi za mfano, faida haianzi kabla ya kilometa 12,700 hivi. Chini ya hapo kila kilometa ni hasara.

Sasa tazama injini kongwe inayokula oili. Nyingi za magari ya vyama hula lita moja kwa kila kilometa 1,000, nasi tumekwisha kuzizoea. Kwa mwaka ni lita 30 za kuongezea tu. Kwa oili ya kawaida hizo ni shilingi 300,000. Kwa ya sintetiki ni shilingi 900,000. Ile akiba ya shilingi 120,000 imemezwa na moshi wa buluu mara tano. Gari la namna hiyo lisinunuliwe oili ya ghali hata kidogo. Fedha hiyo iwekwe akiba ya ringi na beringi.

Pana upande mwingine wa hesabu ambao muuzaji hautaji. Vyama vya msingi vitano au sita vikiagiza pamoja kwa kupitia Chama Kikuu, vikanunua oili ya kawaida kwa mapipa ya lita 200 na ushei badala ya makopo ya lita 5, bei ya lita hushuka. Tuseme imeshuka ikawa shilingi 8,000. Kumwaga mara moja kutakuwa shilingi 110,000, na kwa mwaka mara 6 ni shilingi 660,000, sawasawa na ile ya sintetiki ya kilometa 15,000. Tofauti ni kwamba hapa injini imepata oili mpya na chujio jipya mara 6, na vumbi limetolewa mara 6. Sisi tuliozaliwa ndani ya ushirika hatuna haja ya kufundishwa na muuzaji faida ya kununua kwa pamoja.

Ni gari lipi basi linalostahili?

Yako magari yanayostahili, na kuyanyima ni kosa pia. La kwanza ni gari jipya ambalo kitabu chake chaagiza oili ya aina hiyo. Magari mengi ya kisasa yana turbo, na baadhi yana chujio la masizi ndani ya bomba la moshi. Hayo huhitaji oili yenye majivu machache, na kulitilia oili yoyote iliyopo dukani kwaweza kuliziba chujio hilo na kufuta dhamana ya mtengenezaji. Kwa gari hilo hakuna mjadala. Kamati ifuate kitabu.

La pili ni lori la masafa marefu, lile linalochukua shehena kutoka Mbeya au Moshi hadi bandarini Dar es Salaam kwa barabara ya lami. Injini hupata moto sawasawa, haizimwi-zimwi, vumbi ni dogo, na kilometa hukusanyika upesi. Huko Ulaya malori ya namna hiyo huenda hadi kilometa 100,000 kwa oili iliyoidhinishwa na mtengenezaji. Sisi tusiige tarakimu hiyo, maana barabara za lami zetu nazo zina michepuko na milima. Lakini lori kama hilo laweza kabisa kuzidi kilometa 12,700 za hesabu yetu, na hapo oili ya ghali huanza kulipa. Kila safari ya gereji iliyopunguzwa katika msimu ni siku moja ya kazi iliyopatikana.

Trekta, mashine za kukoboa, pampu, na magari makongwe yasiyo na turbo, hayo hayaihitaji. Oili nzuri ya kawaida ya 15W-40, yenye alama ya API CI-4 kwa injini za dizeli, ikimwagwa kwa wakati, yatosha. Kwa trekta za zamani wakati huo hupimwa kwa saa za kazi, aghalabu kati ya 100 na 250 kwa kadiri ya kitabu chake. Yafaa kujua kwamba katika alama hizo herufi C yahusu dizeli na S yahusu petroli, na kwamba herufi ya pili kadiri inavyosonga mbele katika abjadi ndivyo kipimo kilivyo kipya zaidi. Alama hiyo nyuma ya kopo ndiyo ya kusoma kwanza, kabla ya maandishi makubwa ya mbele.

Na kama chama kina lori linalostahili lakini Kamati ina wasiwasi juu ya kilometa, ipo njia ya kujua bila kubahatisha. Kijupa kidogo cha oili iliyotumika hupelekwa maabara ikapimwa chuma, shaba, vumbi, maji, na akiba ya dawa iliyobaki. Mashirika ya reli ya Marekani yalianza kuzipima injini zao za dizeli kwa njia hii tangu miaka ya 1940. Kampuni kubwa za mafuta na za mitambo huwa na huduma hiyo, na muuzaji anayeahidi kilometa 15,000 aombwe kugharimia vipimo viwili vya kwanza: kimoja kwenye kilometa 7,500 na kingine kwenye 12,000. Jibu lake litaifundisha Kamati mambo mengi.

Bandia na chupa zilizojazwa upya

Kadiri oili inavyokuwa ghali ndivyo mwizi anavyoipenda. Makopo matupu ya oili zenye majina huokotwa magereji, yakajazwa oili hafifu au iliyokwisha kutumika na kuchujwa, yakauzwa kama mapya. Anayeuziwa oili bandia ya kawaida ameumia kidogo kwa kuwa ataimwaga baada ya kilometa 5,000. Anayeuziwa sintetiki bandia, akaiamini kwa kilometa 15,000, ameiua injini. Inunuliwe kwa wakala anayetambulika, kwa stakabadhi yenye namba ya shehena iliyo juu ya kopo. Kifuniko kikaguliwe mbele ya mpokeaji wa ghala. Na makopo matupu ya chama yatobolewe kabla ya kutupwa.

Katibu atunze daftari moja kwa kila gari, lenye tarehe, kilometa, aina na kiasi cha oili iliyotiwa, lita zilizoongezwa katikati, na siku chujio la hewa liliposafishwa au kubadilishwa. Wakaguzi wa COASCO wakiuliza kwa nini lita moja ilinunuliwa kwa bei ya mara tatu, daftari hilo ndilo litakalojibu. Pasipo daftari, hata chama kilichochagua vema hakiwezi kuonyesha kwamba kilichagua vema.

Oili chafu isimwagwe shambani wala karibu na kisima, na vijana wa gereji wasiinawe mikononi kwa kuwa ina sumu za kuleta saratani ya ngozi. Iwekwe katika pipa lenye kifuniko, mbali na ghala la mazao, hadi apatikane mnunuzi mwenye kibali. Kahawa hasa hunyonya harufu upesi, na gunia lililokaa usiku mmoja kando ya pipa lililo wazi laweza kushushwa daraja mnadani.